Usafi wa Faiba: Jinsi ya Kusafisha Viunganishi na Vifaa vya Kupimia Bila Kuharibu Kioo Wala Macho

Mtandao unapolegea ofisini, hospitalini au shuleni, wengi wetu husema mara moja, "Kebo imekatwa." Wakati mwingine huwa kweli. Kaunti yetu imeona maji yalivyofanya mwishoni mwa mwaka wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara zikakatika na vijiji vikabaki visiwa. Udongo ukibebwa na mafuriko, kilichofukiwa ndani yake nacho huwa hatarini.

Hata hivyo, mafundi wa faiba watakuambia kwamba hitilafu nyingi hazitokani na kebo iliyokatika. Hutokana na uchafu kwenye ncha ya kiunganishi: chembe ya vumbi, alama ya kidole, au mafuta ya ngozi ambayo jicho haliwezi kuyaona. Uchafu huo huondolewa kwa dakika chache. Usipotafutwa, fundi anaweza kutumwa kutoka mbali, mtaro ukachimbwa mahali pasipo na kosa, na mgonjwa akasubiri kwenye benchi kwa sababu usajili wake wa SHA haufunguki.

Somo hili ni kwa vijana wanaofanya kazi ya kuunganisha faiba hapa Garsen, Minjila, Hola na Bura, kwa maafisa wa TEHAMA katika idara na shule, na kwa wenye vituo vya saiba. Mkaazi ambaye kazi yake si ufundi pia ana sehemu yake mwishoni, ili ajue la kufanya na la kutogusa.

Faiba ilivyofika hadi kwetu

Mwaka wa 2009 kebo mbili kubwa za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Katika miaka hiyo serikali ya kitaifa ilianza kujenga uti wa mgongo wa faiba nchini, mradi unaojulikana kwa kifupi kama NOFBI. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, awamu ya pili ya mradi huo ilikusudiwa kufikisha faiba katika makao makuu ya kaunti zote 47, Hola ikiwa mojawapo.

Leo huduma nyingi za umma hupita humo: malipo ya serikali, eCitizen, usajili wa wanafunzi kwa mitihani, maombi ya mkopo wa HELB, na rekodi za hospitali. Ndiyo sababu usafi wa kitu kidogo kama ncha ya kiunganishi ni jambo linalomhusu kila mkaazi.

Kioo chembamba kuliko unywele

Faiba ni uzi wa kioo. Ule unaotumika kwa masafa marefu una unene wa mikromita 125, yaani kama sehemu moja ya nane ya milimita. Mwanga hausafiri katika unene huo wote. Hupita katika kiini cha katikati chenye upana wa takriban mikromita 9 tu. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko kiini hicho.

Kwenye kiunganishi, ambacho mafundi hukiita konekta, uzi huo umeshikwa ndani ya ncha ya kauri nyeupe. Viunganishi viwili vinapokutana ndani ya adapta, ncha hugusana kioo kwa kioo, na mwanga huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chembe ya vumbi ambayo huwezi kuihisi kwa ulimi inaweza kuziba kiini chote.

Hasara huja kwa njia tatu. Kwanza, mwanga hupungua. Mafundi hupima upungufu huo kwa desibeli. Desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya mwanga, na desibeli 1 ni kupoteza karibu sehemu moja kwa tano. Kwa mwanga wa nanomita 1550, kilomita moja ya faiba nzuri hupoteza takriban desibeli 0.2. Kwa hiyo kiunganishi kimoja kichafu kinachopoteza desibeli 1 kimekula mwanga ambao ungetosha kusafiri kilomita 5.

Pili, sehemu ya mwanga hurudi ulikotoka na kuvuruga mtambo unaoutuma. Tatu, vumbi likibanwa kati ya vioo viwili huweza kukwaruza au kutoboa kioo. Uchafu husafishika, lakini mkwaruzo hausafishiki.

Kwa nini vifaa vya kupimia vitangulie

Fikiria daktari anayetumia sindano moja kwa wagonjwa wote wa siku. Kifaa cha kupimia chenye tundu chafu hufanya vivyo hivyo. Asubuhi kimechomekwa kwenye kiunganishi cha ofisi, mchana cha shule, jioni cha mnara. Kila mahali huacha uchafu na kuchukua mwingine.

Kuna ubaya zaidi: kifaa kichafu husema uongo. OTDR ni kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga ndani ya faiba na kusikiliza mwangwi wake, ili kuonyesha kosa liko umbali gani. Tundu lake likiwa na uchafu, mwanga mwingi hurudi hapo hapo mlangoni na kukifanya kifaa kuwa kama kipofu kwa muda mfupi. Makosa yaliyo karibu hufichika, na picha kwenye skrini huonyesha hasara isiyokuwepo. Fundi anayeamini picha hiyo anaweza kuagiza kuchimbwa mahali ambapo kebo ni nzima kabisa.

Nacho kipimo cha nguvu ya mwanga, au pawa mita, kikiwa na vumbi kwenye dirisha lake husoma chini ya ukweli. Mteja huambiwa laini yake ni mbovu, kumbe kipimo ndicho kibovu.

Macho kwanza

Kabla ya kugusa chochote, kumbuka kwamba mwanga unaobeba mawasiliano hauonekani. Urefu wa mawimbi yake ni nanomita 1310, 1490 au 1550, nje ya uwezo wa jicho la binadamu. Jua likikupiga machoni utafumba au kugeuka. Mwanga wa leza usioonekana haukupi onyo hilo, na unaweza kudhuru jicho bila wewe kuhisi maumivu.

Kwa sababu hiyo, shika kanuni hizi:

1. Usichungulie kamwe ndani ya tundu la kifaa wala ncha ya faiba, hata ukiambiwa imezimwa. Chukulia kila faiba ina mwanga mpaka upime.

2. Zima chanzo cha mwanga kabla ya kusafisha. Ikiwa ni OTDR au chanzo cha mwanga cha mkononi, zima leza yake. Ikiwa ni laini inayofanya kazi, pata idhini ya msimamizi wa mtandao kwanza, kisha thibitisha kwa pawa mita kwamba hakuna mwanga.

3. Usitumie hadubini ya kuchungulia kwa jicho kwenye faiba yenye mwanga. Lenzi zake hukusanya mwanga na kuuelekeza jichoni. Hadubini inayoonyesha picha kwenye skrini ni salama zaidi, kwa kuwa jicho halikutani na mwanga wenyewe.

4. Usitegemee kamera ya simu. Simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga wa aina hii, kwa hivyo kutoona kitu kwenye skrini si uthibitisho kwamba faiba imezimwa.

5. Ile tochi ya leza nyekundu ya kutafutia mahali faiba ilipovunjika nayo si mchezo wa watoto. Usimmulike mtu usoni.

6. Ukikata faiba, vaa miwani ya kinga, na kusanya vipande kwenye chupa yenye kifuniko au kwenye utepe wa gundi. Kipande cha kioo kikiingia kwenye ngozi au jicho ni vigumu kukiona. Usile wala kunywa mahali unapofanyia kazi, na nawa mikono ukimaliza.

Vifaa vya kusafishia

Mkoba wa kazi hauhitaji mambo mengi. Uwe na kalamu ya kusafishia, ile yenye uzi safi ndani ambayo hutoa mlio mdogo inaposukumwa. Uwe na kaseti ya utepe wa kusafishia au karatasi maalum zisizoacha nyuzi. Uwe na vijiti vya kusafishia vilivyotengenezwa kwa ajili ya faiba, vya ukubwa wa milimita 2.5 kwa viunganishi vya SC na milimita 1.25 kwa vile vidogo vya LC. Ongeza alkoholi ya isopropili yenye usafi wa asilimia 99 katika chupa ndogo inayofungika vizuri, na hadubini ya skrini ikiwezekana.

Spiriti ya dukani inayotumika kwa vidonda haifai, kwa kuwa huwa na maji na viungo vingine vinavyoacha ukungu kwenye kioo. Dawa ya kutakasa mikono nayo haifai. Na alkoholi ya isopropili ni sumu ikinywewa na hushika moto upesi. Iweke mbali na jiko, sigara, jenereta na watoto, na usiihamishie kwenye chupa ya soda.

Hatua za kusafisha

Kanuni ni fupi: kagua, safisha, kagua tena, ndipo uunganishe. Kukagua kwanza ni muhimu, kwa kuwa kiunganishi kilicho safi hakihitaji kuguswa. Kila mguso usio wa lazima ni nafasi ya kukitia uchafu.

Hatua ya kwanza: zima mwanga na uthibitishe, kama tulivyoeleza.

Hatua ya pili: ondoa kifuniko, kisha kagua ncha kwa hadubini ya skrini. Usidhani kifuniko ni ulinzi kamili. Ndani ya kifuniko cha plastiki hukaa vumbi, na ndilo hupakwa kwenye ncha kila kinaporudishwa.

Hatua ya tatu: anza na njia kavu. Kwa tundu la kifaa, ingiza kalamu ya kusafishia ikiwa imenyooka, sukuma taratibu mpaka isikike mlio wake, kisha itoe. Kwa kiunganishi kilicho wazi, weka ncha kwenye utepe wa kaseti na uivute upande mmoja tu. Usisugue mbele na nyuma, kwa maana uchafu ulioutoa utaurudisha. Usitumie sehemu moja ya utepe mara mbili.

Hatua ya nne: kagua tena. Ikiwa doa limebaki, hasa la mafuta, tumia njia ya maji na ukavu. Lowesha kidogo kona ya karatasi kwa alkoholi, pitisha ncha kuanzia penye unyevu kuelekea penye ukavu, kisha malizia kwa karatasi kavu. Usiache alkoholi ijikaukie yenyewe, kwa sababu itaacha alama. Kwa tundu, tumia kijiti kilicholoweshwa kidogo tu, kizungushe mara chache upande mmoja bila kukandamiza, kisha fuata na kijiti kikavu. Usimimine alkoholi ndani ya tundu, kwani itabeba uchafu hadi ndani ya kifaa.

Hatua ya tano: safisha upande wa pili pia. Kiunganishi safi kikikutana na kichafu, vyote viwili huwa vichafu.

Hatua ya sita: unganisha mara moja, au funika kwa kifuniko safi.

Ukirudia mara tatu na doa halitoki, huenda ni mkwaruzo. Kiunganishi cha kebo fupi hubadilishwa kwa urahisi. Ikiwa ni tundu la kifaa, peleka kwa wakala wa mtengenezaji. Usijaribu kukisugua mwenyewe.

Kila kifaa na namna yake

OTDR: baadhi zina adapta inayofunguliwa kwa mkono. Ifungue, safisha ncha iliyo nyuma yake, safisha adapta, kisha irudishe. Ili tundu lisichakae, chomeka kebo fupi ya kuunganishia, ile mafundi huiita pachikodi, na uiache hapo. Makumi ya vipimo vya siku vifanyiwe kwenye upande wa pili wa kebo hiyo. Ikiharibika, utanunua kebo fupi badala ya kupeleka mashine nzima kutengenezwa.

Pawa mita: dirisha lake ni pana kuliko ncha ya faiba, na huwezi kuligusa kwa kalamu ya kawaida. Fungua adapta, pitisha kijiti kikavu taratibu, na tumia alkoholi kidogo iwapo kuna mafuta.

Mashine ya kuchomelea faiba: ina lenzi, vioo na mifereji midogo ya kushikia uzi. Ina pia ncha mbili za chuma zinazopitisha umeme wa volteji ya juu. Izime na utoe betri kabla ya kuigusa ndani. Usitumie makopo ya hewa ya kupuliza, kwa kuwa baadhi yana gesi inayowaka.

Rangi nazo zina maana. Kiunganishi cha buluu kina ncha iliyonyooka. Cha kijani kina ncha iliyokatwa mshazari wa digrii 8. Usichomeke kijani kwenye buluu. Hata vikiwa safi, vioo havitagusana sawasawa, mwanga utapotea na ncha zinaweza kuumia.

Mazoea ya kuacha

Kuna mazoea ambayo yameenea kila mahali penye ufundi. Kupangusa ncha kwa shati au leso: kitambaa huacha nyuzi na mafuta ya jasho. Kupuliza kwa mdomo: pumzi ina unyevu na mate. Kulamba kidole na kupangusa: hapo umeweka chumvi na mafuta kwenye kioo. Kukwangua kwa pini au kisu: huo ni mwisho wa kiunganishi. Kuacha vifuniko vikizagaa chini, au kuvitia mfukoni pamoja na sarafu: vifuniko viwekwe kwenye mfuko mdogo safi unaofungika.

Vumbi, joto na unyevu wa Tana River

Vitabu vingi vya mafunzo viliandikwa kwa vyumba vyenye sakafu ya vigae. Hapa fundi anaweza kufungua kisanduku kando ya barabara, lori likapita, na vumbi likajaa hewani. Simamisha gari upande unaotoka upepo, fanyia kazi ndani ya gari au hema dogo, na usifungue kifuniko mpaka kila kitu kingine kiwe tayari. Kiunganishi kisikae wazi huku ukitafuta vifaa mkobani.

Kifaa kikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa nje kwenye joto la mchana, unyevu hujenga ukungu juu ya kioo, kama unavyoona kwenye chupa ya maji baridi. Kiache ndani ya mkoba wake uliofungwa mpaka kizoee joto, ndipo ukifungue.

Katika eneo la delta, hewa ni nzito kwa unyevu. Alkoholi hunyonya maji hayo ikiachwa wazi, ikapoteza nguvu. Funga chupa kila baada ya kuitumia, na usinunue chupa kubwa itakayokaa miezi.

Baada ya mafuriko, kisanduku kilichoingia maji kisiunganishwe tena kwa haraka kwa sababu watu wanapiga kelele. Tope likikauka huacha mchanga laini ambao ni kama msasa kwa kioo. Safisha nje ya kisanduku kwanza, kausha, kisha kagua kila kiunganishi kimoja kimoja.

Kwa mkaazi wa kawaida

Ikiwa una faiba nyumbani au dukani, kazi yako ni nyepesi. Usichomoe kebo nyembamba ya faiba kwenye kisanduku cha ukutani ili kupangusa vumbi. Kuzima na kuwasha rauta kunatosha kama jaribio la kwanza. Usiikunje kebo hiyo kwa kona kali, wala kuibana kwa mlango au msumari. Ikichomoka, usiangalie ndani ya ncha na usiiguse kwa kidole. Ifunike na umpigie mtoa huduma.

Faiba moja inayotoka kwenye kituo huweza kugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Mtu mmoja akifungua kisanduku cha mtaani kwa udadisi, majirani wote wanaweza kukosa mtandao. Ukiona kisanduku kimefunguka au kebo imelala chini, waambie watoto wakae mbali na utoe taarifa.

Fundi akija, una haki ya kumuuliza maswali mawili: "Umekikagua kiunganishi kabla ya kusema kebo ni mbovu?" na "Umesafisha kifaa chako?" Fundi mzuri hatachukia. Kumbuka pia kwamba wanakandarasi na mafundi wa mitambo ya mawasiliano hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Omba kuonyeshwa.

Jipime

1. Pawa mita inaonyesha mwanga umepungua kwa desibeli 3. Umepoteza kiasi gani? (Nusu.)

2. Ncha ina doa la kidole. Utaanza na alkoholi? (Hapana. Anza na njia kavu, kagua, ndipo alkoholi ikihitajika.)

3. Simu haionyeshi mwanga wowote kwenye ncha. Je, ni salama kuchungulia? (Hapana, hata kidogo.)

4. OTDR inaonyesha kosa karibu kabisa na mlango wake. Utachimba? (Safisha tundu na kebo fupi kwanza, kisha upime tena.)

Shule, vyuo vya kiufundi na vikundi vya vijana vinaruhusiwa kulinakili somo hili na kulibandika karakana. Walio na vifaa vya kupimia walibandike ndani ya kifuniko cha mkoba, mahali ambapo macho yatalikuta kabla ya mkono kugusa kioo.